Adhana na kidaka vyatosha

Kumkumbusha mzee msahaulifu dawa zake, simu ya kulia kengele si lazima hapa Lamu. Adhana inasikika mara 5 kwa siku, na mzee aliyesahau alichokula asubuhi bado akiisikia hushika udhu. Bibi yetu hapa mtaa wa Langoni, dawa zake za presha tumezifungamanisha na sala: za asubuhi baada ya alfajiri, za usiku baada ya isha. Vidonge viko kwenye kidaka cha ukutani hapo ukumbini, kidaka hicho hicho kila siku, pamoja na miwani na tasbihi. Akishameza hukipindua kikombe chake cha maji. Kikiwa wima, bado. Hakuna haja ya kumuuliza-uliza mbele ya wajukuu, jambo linalomvunjia heshima mtu mzima.

Nyumba za mawe zina vidaka tele. Wanaoharibu mpango huu ni vijana wanaohamisha vitu wakifagia. Ramadhani ikikaribia, muulizeni daktari mapema namna dawa zitakavyopangwa kwa daku na futari, msijipangie wenyewe. Na mzee akianza kupotea njia ya msikiti aliouzoea, mpelekeni hospitali, msiseme ni uzee tu.