Losheni isiyo na ngano Kariakoo: shida ni lebo, siyo bei

Kariakoo ni nadra kukosa kipodozi unachokitaka. Shampoo, losheni, mafuta ya nywele na krimu za kukinga jua zimepangwa toka sakafuni hadi darini, kwa jumla na rejareja. Lakini kuna mteja anayeweza kuzunguka kuanzia Msimbazi hadi Mtaa wa Kongo na bado akarudi mikono mitupu: yule anayetafuta bidhaa isiyo na ngano.

Akiuliza, ataambiwa losheni ni "orijino" na haina shida. Yeye hakuuliza kama ni orijino. Ameuliza ndani kuna nini.

Ngano inafanya nini kwenye shampoo?

Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Viwanda vya vipodozi hutumia protini ya ngano iliyovunjwavunjwa kulainisha nywele na kuipa ngozi unyevu. Kwa watu wengi haina tatizo lolote. Wanaopaswa kujihadhari ni makundi mawili, na hayafanani.

La kwanza ni wenye ugonjwa wa seliaki. Wakila gluteni, kinga ya mwili hushambulia utumbo wao wenyewe. Gluteni haipenyi kirahisi kwenye ngozi, kwa hiyo hofu yao kubwa ni kile kinachoweza kufika mdomoni: lipstiki, mafuta ya midomo, na losheni ya mikono. Hapa Dar ugali unaliwa kwa mkono, na mtoto hunyonya vidole. Hilo siyo jambo dogo.

La pili ni wenye mzio wa ngano. Hawa ngozi inaweza kuwasha na kuvimba kwa kugusa tu.

Japan ililiona hili kwa uchungu. Mwaka 2011, sabuni ya uso yenye protini ya ngano iliondolewa sokoni baada ya watumiaji kupata mzio. Waliothibitika walizidi 2,000. Wengi wao walikuwa wakila mkate bila shida yoyote kabla ya hapo. Walianza kwa kunawa uso, wakaishia kushindwa kula vyakula vya ngano.

Kwa nini Kariakoo ni kazi

Mwenye tatizo hili ana kinga moja tu: orodha ya viambato nyuma ya kopo. Na hiyo ndiyo ya kwanza kupotea.

Losheni ikishapimwa kutoka kopo kubwa na kutiwa kwenye kichupa, lebo imebaki dukani. Mkorogo ndiyo kabisa, krimu tatu nne zimechanganywa na hakuna aliyeandika chochote. Bidhaa nyingine zina lebo, ila ni ya Kichina au Kithai. Nyingine zimebandikwa stika ya bei juu ya maandishi yenyewe.

Tangu Julai 2019, usimamizi wa vipodozi uko kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), baada ya kuhamishwa kutoka iliyokuwa TFDA. Misako ya vipodozi tunayoisikia huwa inahusu viambata vilivyopigwa marufuku, kama zebaki na haidrokwinoni. Hizo ni hatari kwa yeyote, kwa hiyo zinaweza kuzuiwa bandarini au kuteketezwa.

Ngano haiwezi kupigwa marufuku, na hakuna sababu ya kufanya hivyo. Losheni yenye ngano inaweza kupita bandarini kihalali kabisa, ikiwa na vibali vyote, na bado ikamdhuru mtu mmoja. Ndiyo maana kwa mtu huyo lebo inayosomeka ni suala la afya.

Hata maandishi ya "gluten free" yasikulevye. Marekani, kanuni ya mwaka 2013 inayotaka bidhaa yenye maneno hayo iwe na gluteni chini ya sehemu 20 kwa milioni inahusu chakula. Vipodozi haimo.

Cha kutafuta nyuma ya kopo

Ngano huandikwa "wheat" au kwa jina la kisayansi, Triticum vulgare. Shayiri ni Hordeum vulgare, na rai ni Secale cereale. Avena sativa ni oti. Yenyewe siyo ngano, lakini huchanganyika nayo kirahisi shambani na kiwandani. Ukiona vitamini E, jua kwamba wakati mwingine hutokana na mbegu za ngano.

Mafuta halisi ya nazi, alizeti au ubuyu hayana gluteni, mradi hayajachanganywa na kitu kingine. Kwenye singo na skrabu za kienyeji, uliza zimetengenezwa kwa unga gani.

Kwenye jua, "acha kutumia" siyo ushauri kwa kila mtu. Mwenye ualbino hawezi kukaa bila krimu ya kukinga jua, kwa sababu saratani ya ngozi ni tishio la kweli kwake. Ndiyo maana hospitali ya KCMC, Moshi, imekuwa ikitengeneza Kilisun kwa ajili yao. Mwenye ualbino akiwa pia na mzio wa ngano, anahitaji lebo kuliko mtu yeyote.

Suluhisho la kuanzia siyo ghali. Muuzaji anayepima losheni anaweza kulitunza kopo kubwa na kumruhusu mteja alipige picha. Simu nyingi sasa zinatafsiri maandishi kwa kamera, hata Kichina. Mteja naye akikuta chupa haina lebo, ana haki ya kuirudisha mezani, hata kama bei ni ya kutupwa.