Kwanza breki, kisha mwendo

Juma hili ukurasa wetu hautazungumza juu ya uji wa watoto wala juu ya deni za minervali. Utazungumza juu ya motokari za mashindano. Msicheke kwanza. Mtaona kwamba habari hii inaingia hata ndani ya nyumba zetu.

Dada ya mwenzetu mmoja anaishi Ubelgiji, katika mji wa Liège. Kazi yake ni kutunza wazee. Alipotimiza miaka 50, wenzake wa kazi walichanga feza wakampa zawadi ambayo hakuitazamia: siku moja ya kujifunza kuendesha motokari za mwendo wa kasi huko Spa-Francorchamps, katika milima ya Ardennes. Yeye huyo, alipokuwa kwetu Bukavu, hakuwa hata na kinga! Alitutumia habari yake kwa sauti tano za simu, na tulizisikiliza pamoja katika mkutano wa siku ya posho.

Wengine kati yetu walinungunika: feza hiyo ingelipa minervali ya watoto wangapi? Swali ni la haki. Lakini tulipofika kwenye sauti ya tatu, wote tulinyamaza.

Alisema hivi: asubuhi yote hakuna mtu aliyemfundisha kukimbia. Walimvalisha kofia ngumu, wakamkalisha kwenye kiti, wakaanza na namna ya kukaa. Mgongo ushikamane na kiti. Mguu ukikanyaga breki mpaka mwisho, goti libaki limekunjika kidogo. Mikono miwili ikae kwenye usukani kama mishale ya saa inapoonyesha tisa na tatu. Alidhani wanapoteza wakati wake. Mwalimu, aliyekaa karibu naye, akamwambia kwamba mtu asiyekaa vizuri hawezi kukanyaga breki kwa nguvu.

Somo la pili lilikuwa la macho. Gari linafuata macho ya shofere. Ukitazama shimo, utaingia ndani ya shimo. Ukitazama mbali, kule kona inakoishia, mikono yako itakupeleka kule. Somo la tatu: breki inakanyagwa kabla ya kona, gari likiwa limenyooka, halafu unaiachilia polepole ukianza kukata. Mipira ina nguvu yake ya kushika barabara, na nguvu hiyo ina kipimo, kama feza ya soko ndani ya kitambaa. Ukiitumia yote kwa breki, haibaki ya kukata kona. Ukitaka vyote viwili kwa mara moja, gari linateleza. Ndiyo maana shule hizo zinarudia kila siku: ingia kona polepole, ndipo utatoka upesi.

Mchana mvua ilinyesha. Mahali pale panajulikana kwa jambo hilo: barabara ina urefu wa kilometa 7 hivi, na inatokea upande mmoja mvua inanyesha na upande mwingine jua linawaka. Kuna bonde linaloitwa Eau Rouge, Maji Mekundu, ambako gari linashuka kwa kasi na kupanda mlima papo hapo. Sisi wa Bukavu tunajua mteremko na mvua ni nini, na anayesafiri kwenda Uvira kwa njia ya Ngomo anajua zaidi.

Hapo mwenzetu mmoja alianza kulia. Wengi wenu mnajua sababu. Mwaka uliopita, zamu yake ya likelemba ilipofika, kikundi kilimpa feza na akamnunulia mwana wake pikipiki ya kubeba watu. Tulipiga vigelegele. Kijana alijifunza siku mbili kwa rafiki yake, kwenye kiwanja cha mpira. Miezi miwili ilipita, akamchukua dada yake mdogo kutoka shule, siku ya mvua. Kwenye mteremko aliona motokari mbele yake katikati ya kona, akashika breki kwa nguvu huku pikipiki ikiwa imeinama. Waliteleza wote wawili. Kijana alichubuka tu. Binti alivunjika mguu, na majuma saba hakuonekana darasani kwetu. Hakuwa na kofia, kwa sababu kofia ilikuwa moja.

Mama yake aliomba sauti ya tatu irudiwe. Kisha akamtuma mtoto amwite kijana. Alikuja, akasimama mlangoni, akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Tuliogopa ataona tunamhukumu. Sauti ilipoisha, alisema neno moja tu: «Mama zangu, hakuna mtu aliyeniambia hayo.»

Wamama, neno hilo lilitupiga sisi wote. Tulimpa kijana feza, hatukumpa masomo. Na alipoanguka, tulisema kwamba vijana wa leo wanapenda mwendo.

Tukataka kujua shule hizi za mwendo wa kasi zilitoka wapi. Mwezi wa 6 mwaka 1966, palepale Spa, mvua ilianguka ghafla katika mashindano ya Ubelgiji. Jackie Stewart, mtu wa Scotland, aliteleza akatoka barabarani. Motokari ilikunjika ikamfunga miguu, na esansi ikamwagika juu yake. Hakukuwa na vyombo vya kumtoa. Waliomwokoa ni washindani wenzake wawili, Graham Hill na Mmarekani Bob Bondurant, kwa ufunguo wa spana walioazima kwa mtazamaji. Tangu pale Stewart alidai mikanda, waganga na vizuizi kando ya barabara. Wengine walimwita mwoga. Lakini mwoga huyo alikuwa bingwa wa dunia mara tatu.

Mwaka uliofuata, huko Watkins Glen, Marekani, usukani wa Bondurant ulivunjika akiwa katika mwendo wa zaidi ya kilometa 200 kwa saa, na motokari yake ikapinduka mara nyingi. Alipokuwa akipona, alifikiri namna ya kufundisha wengine. Mwaka 1968 alifungua shule yake California, na mmoja wa wanafunzi wake wa kwanza alikuwa mchezaji wa sinema Paul Newman. Tulielewa hivi: mtu aliyefungua shule ya mwendo alikuwa mtu aliyevunjika mwili. Alijua bei yake.

Sisi tunaofundisha hesabu tuliandika jambo moja kwenye ubao ili kila mama aende nalo. Kwenye kilometa 50 kwa saa, barabara kavu na breki nzuri, gari linahitaji karibu meta 14 ili lisimame tangu breki inaposhika. Mwendo ukiwa mara mbili, kilometa 100, si meta 28. Ni karibu meta 55, mara nne. Tena, kabla ya mguu kufika kwenye breki, sekunde moja ya kushtuka inakula meta 14 kwenye 50, na meta 28 kwenye 100. Kwenye mvua, na mipira iliyoisha, ongezeni tena. Kijana akikuambia «nitasimama, mama,» muulize: kwa meta ngapi?

Yule kijana naye aliuliza swali lake: breki ipi, ya mbele au ya nyuma? Shofere mmoja mzee, mume wa mwenzetu, alimjibu: zote mbili, polepole kwenye mvua, na kabla ya kona, pikipiki ikiwa imesimama wima. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi. Ukiishika ghafla katikati ya kona, unaanguka. Kijana aliomba kurudi siku ya posho nyingine, pamoja na wenzake wanne wa kituo chao. Walirudi sita.

Kwa hiyo kikundi chetu kimekata shauri, na tunawaomba vikundi vingine mlifikiri. Zamu ya likelemba ikinunua pikipiki, feza inatolewa kwa sharti tatu. Kwanza, kofia mbili, ya shofere na ya anayebebwa. Pili, majuma mawili ya kujifunza kwa mtu mzima mwenye permi, breki na kona kabla ya kubeba abiria. Tatu, mipira na breki vitazamwe kila mwisho wa mwezi, na mama mwenyewe awepo. Tunajua sharti hizi zinachelewesha faida. Mwenzetu anayelipa deni la hospitali atawaambia faida ya kuharakisha.

Binti amerudi darasani. Anatembea akichechemea kidogo, lakini anatembea. Siku ya kwanza kaka yake alimleta shuleni kwa pikipiki, kila mtu na kofia yake. Walikuja polepole sana, hata watoto wakamcheka kijana. Yeye hakuwatazama. Alikuwa anatazama mbele, mbali, kule kona inakoishia.

Mbaki salama, wamama. Tuonane juma lijalo.