Kujizoeza Kupanda Farasi Bila Farasi

Pengine mtacheka mkisoma kichwa cha habari yetu ya juma hili. Farasi! Katika sehemu nyingi za Kongo mbung'o hamwachi mnyama huyu aishi, nasi tuliomwona kwa macho si wengi. Hata hivyo someni kwanza, kwa maana habari hii ni ya mwili wa mtu kuliko ya mnyama.

Asiyejua hudhani kwamba mpandaji hujishikilia kwa nguvu ya magoti. Sivyo. Akibana magoti, mapaja hukazana, makalio huinuka juu ya tandiko, visigino hupanda, naye huanza kuyumba kama mzigo uliofungwa vibaya. Ndipo hutafuta la kushika, akazivuta hatamu. Na chuma kilichomo kinywani humwumiza mnyama asiye na kosa. Mkao ulio mwema ni huu: sikio, bega, nyonga na kisigino viwe katika mstari mmoja, kama uzi wa timazi ya mwashi. Xenophon wa Ugiriki aliandika, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, kwamba mtu asikae juu ya farasi kama akaaye kitini, bali kama asimamaye wima, miguu yake imetanuka. Tena siku zile rikabu, yaani vikuku vya kutilia miguu, hazikujulikana kwao.

Waroma nao hawakuwa nazo. Vegetius aeleza jinsi walivyotengeneza farasi wa miti, wakawaweka chini ya paa wakati wa baridi na uwanjani wakati wa joto. Askari wapya walijizoeza kuwarukia, kwanza bila silaha, halafu wakiwa nazo, kutoka kuume na kutoka kushoto.

Leo hata farasi wa mti hatumhitaji. Yatosha ngazi, ukuta na sakafu. Simama juu ya kidato cha ngazi, sehemu ya mbele ya nyayo tu ikikanyaga. Shika ukuta, uviache visigino vishuke polepole, ukae hivyo nusu dakika. Usidundedunde. (Sisi tulipojaribu tulikuwa na haraka, na misuli ya miguu ilituuma siku mbili.) Hivyo kifundo hulegea, na kisigino hushuka chenyewe pasipo kusukumwa.

Lifaalo kupita yote, kwa maoni yetu, ni zoezi la nyonga. Mtu aketiye kutwa juu ya benchi, awe mwanafunzi au karani, misuli ya mbele ya nyonga zake hukazana. Akipanda farasi, goti lake huinuka na mguu hukimbilia mbele; kumbe amerudi kuwa kama akaaye kitini. Basi piga goti moja sakafuni, mguu mwingine uwe mbele, kiwiliwili wima. Kaza makalio, usogeze nyonga mbele kidogo, mpaka usikie mvuto juu ya paja la mguu ulio nyuma. Usipinde kiuno, kwani hapo mgongo hubeba kazi isiyo yake. Kisha badili mguu. Kusimama kwa mguu mmoja, macho yamefumbwa, nako hufundisha mizani. Ila fanya karibu na ukuta.

Mazoezi yaweza kumfikisha mtu wapi? Lis Hartel, mwanamke wa Denmark, alishikwa na polio mwaka 1944, akiwa mja mzito. Alijifunza upya kuinua mikono, kutambaa, kisha kutembea kwa magongo. Lakini toka magoti kwenda chini miguu yake haikupona. Aliporudi kwa farasi ilimpasa kusaidiwa kupanda na kushuka. Mguu usipoweza kusema na farasi, wabaki uzito wa mwili na mgongo. Kwa hayo alimwongoza Jubilee, farasi wake. Mwaka 1952, katika michezo ya Olimpiki ya Helsinki, wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kushindana na wanaume katika kumwongoza farasi kwa madaha. Hartel alipata medali ya fedha, na mshindi wa kwanza, Henri Saint Cyr wa Sweden, alimsaidia kupanda jukwaani. Mwaka 1956, huko Stockholm, Saint Cyr alitwaa tena dhahabu, na Hartel tena fedha.