Amphawa: soko poa, ila ile mashua ya usiku mimi simo

Jumamosi tulikwenda Amphawa, watu sita, na tangu turudi bwenini ubishi hauishi. Sasa nasikia ile safari ya kufunga muhula nayo itakuwa hukohuko, na kwenye ratiba kuna kipengele cha "mashua ya vimulimuli, saa mbili usiku". Mimi nasema soko twendeni, tena twendeni wengi. Hicho kipengele cha usiku kifutwe. Naomba mnisikilize kabla hamjaanza kunizomea.

Kwanza nimalizane na wale wajuaji wanaosema masoko ya mfereji hapa Thailand yamebaki maigizo ya watalii. Jamani, hii mifereji, Wathai wanaiita khlong, haikuwekwa ili watu wapige picha. Ule wa Damnoen Saduak, wenye picha ambazo kila kadi ya posta inazo, ulichimbwa kwa amri ya mfalme Rama wa Nne na ukafunguliwa 1868. Una urefu wa kama kilomita 32 na unaunganisha mto Tha Chin na mto Mae Klong. Enzi hizo mtumbwi ndio ulikuwa daladala, ndio genge, ndio posta. Baadaye zikaja barabara. Bangkok wakafukia mifereji mingi, na huku mikoani wateja wakahamia nchi kavu taratibu, mpaka soko la Amphawa likafa. Mwaka 2004 manispaa na wakazi wakalifufua, likawa la jioni, Ijumaa mpaka Jumapili. Kwa hiyo anayesema watalii ndio waliliua soko la Amphawa amepindua hadithi. Watalii wamelikuta marehemu.

Halafu watalii wenyewe ni akina nani? Siku tuliyokwenda sisi wengi walikuwa Wathai: familia zimetoka Bangkok, bibi katangulia, wajukuu wanadai barafu. Mitumbwi haizunguki sana, imefungwa chini ya ngazi za mfereji. Mama kakaa katikati ya mtumbwi na jiko lake la mkaa, anachoma ngisi, kamba na chaza, wewe umekaa kwenye ngazi unasubiri sahani ikufikie. Wenyewe wanamwita "pa", yaani shangazi, kama sisi tunavyomwita mama ntilie "mama" hata kama hatumjui. Nilijaribu na mimi. Akacheka sana, ila kipande cha ngisi cha nyongeza nilipata!

Kilichonimaliza kabisa ni vibua. Mkoa huu wa Samut Songkhram unasifika Thailand nzima kwa samaki anaitwa pla thu, na ukimwangalia ni ndugu yake kibua wa kwetu, ukoo mmoja kabisa. Wanampika kwenye vikapu vidogo vya mianzi, na ili aenee kwenye kikapu wanamvunja shingo, kichwa kinainama. Wathai wana msemo kuhusu huyo wa Mae Klong: uso umekunjamana, shingo imevunjika. Maana yake ndio mwenyewe, mengine ni magendo. Na minazi sasa! Wagema wapo, wanapanda na kugema kama wa Tanga na Mombasa, ila utomvu hawauachi ulale ukawa tembo. Wanauchemsha kwenye makarai mapana mpaka unakuwa sukari. Jamaa yetu mmoja wa Pwani alisikitika mpaka tukamhurumia.

Haya, sasa twende kwenye ugomvi wenyewe.

Vimulimuli wa Amphawa wanakaa kwenye miti inayoitwa lamphu, inayoota ukingoni mwa maji. Ni jamaa wa mlilana wa kwenye mikoko yetu. Usiku wanawaka na kuzimika pamoja, mti mzima, na sibishi kwamba ni kitu cha ajabu. Tatizo ni namna ya kuwaona. Soko lilipochangamka, mashua za injini zikaongezeka, zinapishana usiku na abiria wanaopiga kelele "wale paleee!" Na ile miti haiko porini, iko nyuma ya nyumba za watu. Kuna mzee amelala, kuna mtoto ana mtihani kesho. Mawimbi yanakula udongo wa ukingo, mizizi inabaki wazi. Ikafika mahali baadhi ya wakazi wakaikata miti wenyewe ili mashua zisiwe na sababu ya kupita. Yaani mtu anakata mti wa baba yake ili apate usingizi! Vimulimuli wakapungua, na tiketi zinaendelea kuuzwa.

Ndiyo maana naona hili swali la soko halisi au feki linatupotezea muda. Mimi nauliza nani anabeba gharama ya starehe yetu. Jioni kwenye ngazi, mama wa ngisi kapata chake, nami nimeshiba. Usiku kwenye mashua, aliyepata ni mwenye injini, na aliyelipa ni mtu ambaye hata sijamwona uso.

Na mambo ya nani anafaidi hayajaishia majini. Mwaka 2008 jamii ya mfereji wa Amphawa ilitajwa kwa heshima katika tuzo za UNESCO za urithi za Asia na Pasifiki, kwa jinsi ilivyotunza nyumba zake za mbao. Miaka minne tu baadaye, 2012, kukawa na zogo kubwa nchini baada ya nyumba za zamani kando ya mfereji kubomolewa kupisha hoteli. Sifa zilipanda, bei ya ardhi nayo ikapanda. Kwa upande mwingine ipo ardhi iliyokabidhiwa Wakfu wa Chaipattana, ina bustani ya minazi na nyumba za mbao, na hiyo imesimama. Tukienda tupite hapo.

Pendekezo langu kwa kamati ni hili. Tuondoke asubuhi, tuteremke Maeklong tuone lile soko la relini, wauzaji wanavyokunja miavuli treni ikipita. Kisha tupande songthaew, ile pikapu ya mabenchi mawili, wa zamani wa Dar mngeiita chai maharage. Mchana twende hekalu la Bang Kung lililomezwa na mizizi ya miti. Saa kumi tuwe ngazini tunakula, saa moja na nusu tugeuze. Pesa ya mashua irudi kwenye chakula. Mkutano ni Jumatano, mnaonipinga njooni na hoja, msije na picha za Facebook.