Ndege wa Al Wathba na adabu yetu juu ya maji

Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Muumba wa maji na wa kila kinywacho. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, Ijumaa moja baada ya swala, kijana alituuliza: maji ya chooni yakisafishwa mtamboni, yafaa kutawadhia? Waliokuwa karibu walicheka, na mzee mmoja akakunja uso. Sisi hatukucheka. Swali lile lilitukumbusha ziwa tulilobahatika kulizuru asubuhi ya majira ya baridi katika nchi ya Falme za Kiarabu.

Al Wathba ipo kilomita 40 hivi kutoka mji wa Abu Dhabi, katika ardhi ipatayo mvua isiyofikia milimita 100 kwa mwaka. Ziwa lake halikuchimbuliwa na mto wala chemchemi. Mnamo 1982, maji yaliyosafishwa katika mtambo wa majitaka wa Mafraq yalianza kukusanyika kwenye bonde la ardhi ya chumvi. Jua likayapunguza, chumvi ikazidi, na humo wakazaliana vijidudu vya jamii ya kamba, ambavyo ndio riziki ya heroe. Mwaka 1998 heroe wakaangua vifaranga hapo. Mwaka huo huo Sheikh Zayed bin Sultan Al Nahyan akaagiza eneo hilo lihifadhiwe, na mwaka 2013 likaingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Leo wapo watu wanaokwenda huko na darubini na daftari, wakikaa kimya kwa saa nyingi na kuhesabu. Kwa subira yao imejulikana kwamba zaidi ya aina 250 za ndege zimeonekana mahali hapo. Miongoni mwao wamo vitwitwi watokao kaskazini ya mbali kukimbia baridi, na wenzao wa jamii hiyo huendelea hadi fukwe zetu za Afrika Mashariki. Wako watakaosema kuwa huo ni mchezo wa watu wasio na kazi. Sisi twaona vingine. Qur'ani Tukufu, katika Suratul Mulk, inatutaka tuwatazame ndege angani tuzingatie. Mwenye kutazama kwa makini na kuandika kwa uaminifu amekwishaanza kuzingatia.

Turudi kwa kijana wetu. Mwaka 1978, Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudi Arabia, baada ya kupata maelezo ya wataalamu, lilitoa uamuzi kwamba majitaka yakisafishwa kikamilifu, pasibaki athari ya najisi katika ladha, rangi wala harufu, huwa tohara, na yafaa kwa udhu. Ama kuyanywa, baraza lilitahadharisha kwa ajili ya afya. Basi swali la kijana lilikuwa la kielimu, na jibu lake lilikwisha kutolewa.

Hata hivyo, ikumbukwe kwamba ndege si hati ya usafi. Hao hao hutua pia kwenye mabwawa ya majitaka ghafi, maana wanachofuata ni chakula. Anayeyaona makundi yao akadai kuwa maji yale ni salama, anajidanganya. Ushahidi wa usafi ni mtambo unaofanya kazi na kipimo kinachochukuliwa kila mara.

Na hapa ndipo penye aibu yetu. Mtume (S.A.W.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama. Lakini katika miji yetu, wingu likitanda, wapo wanaofungulia vyoo ili mvua ibebe uchafu hadi mlangoni kwa jirani. Kipindupindu kikiingia twakiita mtihani, ilhali mkono uliotoboa shimo twaujua. Mtu huyo huyo utamkuta msikitini akirudia udhu mara tatu kwa wasiwasi wa tone moja! Tohara gani hii, inayokoma kwenye viungo vya mtu na isifike kwenye mtaro wa jirani yake?

Watu wa jangwani hawakuwa na maji ya kuchezea, wakayaheshimu hata yaliyokwisha kutumika, na mabaki yake yakawa riziki ya viumbe wasio na ulimi wa kuomba. Sisi tuliojaaliwa mito na mvua tuna udhuru gani? Wenye mamlaka wajenge mitambo na kuitunza iliyopo, waache kungoja maafa. Nasi raia tuanze leo na vyoo vyetu, kabla mvua haijanyesha. Maimamu nao walitaje jambo hili mimbarini, kwani haki ya jirani ni sehemu ya dini.

Wabillahi tawfiq.