BARAZA LA NYUMBANI: Jina la Babu



Wakati wa likizo tulisafiri kwa motokaa, mimi na mke wangu na watoto watatu, kutoka Moshi hata Tanga. Nia yetu ilikuwa kuwaonyesha watoto jinsi mali ya nchi yetu itengenezwavyo, kwa maana mtoto anywaye kahawa asijue itokako ni mgeni nyumbani kwake.

Huko Moshi tuliingia katika kiwanda cha kukoboa kahawa. Tuliona mitambo ikiondoa maganda, kisha chekeche zikitenga buni kubwa na ndogo, kila moja kwa daraja lake. Nikawaeleza watoto kwamba wamisionari Wakatoliki waliipanda kahawa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na kwamba mwaka 1933 wakulima wa Kilimanjaro waliunganisha vyama vyao katika KNCU, wapate kuuza mazao yao pamoja. Watoto wakafurahi, kwa kuwa babu yao mzaa mama alikuwa na kihamba cha kahawa.

Siku ya pili tukapita Same na Mombo, tukafika penye shamba la mkonge upande wa Korogwe. Mmea huu uliletwa na Mjerumani, Dakta Richard Hindorf, mwaka 1893. Miche iliyosalimika safarini ilikuwa 62 tu, lakini kwayo Tanganyika ilipata kuwa ya kwanza duniani kwa katani, mpaka kamba za nailoni na plastiki zilipoivunja bei yake. Tuliona majani yakipita katika korona, yakipondwa na kuoshwa kwa maji mengi. Katika kilo 100 za majani hupatikana kilo 4 hivi za katani. Nayo huanikwa juani, ikapigwa brashi, ikafungwa marobota.

Harufu ya makapi ilikuwa kali. Mwanangu mkubwa akaziba pua, akamtazama mkataji mmoja aliyekuwa akishusha mizigo ya majani, akasema, “Baba, kazi hii ni ya wajinga.”

Mke wangu akanitazama, akanyamaza. Yeye peke yake alijua. Miaka yote niliwaambia watoto kwamba baba yangu alikuwa karani wa shamba. Hakuwa karani. Alikuwa manamba. Alitoka Songea kwa mkataba katika miaka ya 1950, akakata mkonge, akaitwa kwa namba mahali pa jina lake. Fedha ya jasho lile ndiyo iliyonisomesha.

Nikawaambia watoto hayo yote palepale, na machozi yakanitoka. Mwanangu hakujibu neno. Akasimama kitambo, kisha akamwendea yule mkataji, akamwambia, “Shikamoo, mzee. Jina lako nani?”

Enyi wazazi wenzangu, dharau ile haikuanzia kwa mtoto. Mimi niliipanda kwa uongo wangu. Bwana wetu alilelewa katika nyumba ya seremala, na Mtume Paulo alishona mahema. Mimi niliionea haya mikono ya baba yangu, nikaivunja amri ya kuwaheshimu wazazi hali nikiwafundisha wanangu kuishika.

Basi mwezi huu, jioni moja baada ya sala, waambieni watoto wenu kazi waliyoifanya babu zao, na majina yao. Msipunguze neno.