Gari Likivuta Upande, Lipimwe Kabla ya Kutengenezwa

Mwenye gari la miaka ya karibuni, namba E au lililoshuka melini juzi, akilalamika kuwa linamvuta upande mmoja, huambiwa neno moja: alaimenti. Jirani atamwambia hivyo, na gereji ya kwanza atakayoingia itamwambia hivyo hivyo kabla gari halijaingizwa barabarani kujaribiwa. Atalipa, ataondoka, na akifika barabara kuu gari litavuta kama lilivyovuta asubuhi. Tunaupinga utaratibu huu. Unakula fedha za watu, na mbaya zaidi unarudisha barabarani magari mabovu ambayo wenyewe wanaamini yamepona.

Hatari yake haihitaji kutafutwa mbali. Njia moja ya barabara zetu kuu haifiki mita 4, na gari dogo lina upana wa takriban mita 1.7. Kila ubavu umebakiwa na takriban mita moja, pengine pungufu. Kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakula mita 22 kila sekunde. Likivuta kulia, linamwelekea basi linalokuja. Likivuta kushoto, linawaelekea watembea kwa miguu na bodaboda walio pembeni. Dereva anayeshindana na usukani kutoka Chalinze hadi Morogoro mikono yake inachoka, na mkono uliochoka huchelewa.

Basi tuanze na barabara yenyewe, maana wengi hawaihesabu. Lami nyingi hujengwa na mgongo katikati, zikiteremka kwa asilimia 2 hadi 3 kuelekea pembeni ili maji ya mvua yasituame. Kwa sisi tunaoendesha kushoto, gari zima kabisa likiachiwa usukani litaelea kushoto taratibu. Huo si ugonjwa. Lakini gari likivuta kulia kwenye barabara ya namna hiyo, yaani likipanda mteremko, lina hitilafu na hakuna ubishi. Jaribio lifanywe mahali palipo sawa na penye upana, usukani ukishikwa kwa vidole tu bila kuachiwa, kisha kipande kile kile kirudiwe kwa kuelekea upande wa pili ili kuuondoa upepo kwenye hesabu. Dereva aangalie mambo mawili: gari linaelea polepole au linanyakua, na linavuta muda wote au pale tu anapokanyaga mafuta au breki. Fundi asiyeuliza maswali hayo anabahatisha.

Baada ya barabara ni matairi, na hapa ndipo magari mengi ya karibuni yanapopatikana na kosa. Upepo upimwe asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kipimo, maana kijana anayejaza kwa kupiga teke tairi hajapima kitu. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Magari ya Japani mara nyingi huandika kwa kipimo cha kPa: 220 ni sawa na psi 32, na 240 ni karibu psi 35. Tofauti ya psi chache kati ya tairi la mbele la kushoto na la kulia inatosha kulivutia gari upande wenye upepo kidogo.

Upepo ukiwa sawa, tazama matairi yenyewe. Tairi la chapa moja kushoto na la chapa nyingine kulia, moja lina kina cha kutosha na jingine limekwisha, ni mwaliko wa mvuto. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne za tarehe: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mtu anayeambiwa matairi ni mapya azisome mwenyewe.

Hata hivyo tairi jipya dukani nalo linaweza kuvuta. Ndani ya tairi kuna mikanda ya waya wa chuma, na ikikaa pembeni kidogo wakati wa kutengenezwa, tairi hujiviringisha kama lina umbo la pia na kulisukuma gari upande mmoja. Kwa macho halionekani, na mashine ya balansi hailikamati. Dawa ya kulitambua ni ya dakika 20: badilisha matairi mawili ya mbele, la kushoto liende kulia na la kulia liende kushoto, kisha jaribu tena barabara ile ile. Mvuto ukihama upande, kosa ni la tairi. Mvuto ukipungua sana au ukitoweka, tairi bado ndilo mshukiwa. Ukibaki vilevile, yaache matairi uendelee mbele. Kama matairi yana mshale wa mwelekeo ubavuni, yabadilishwe mbele na nyuma kwa upande ule ule, kwa kuwa mshale ukigeuzwa tairi halitoi maji vizuri. Jaribio hili linahitaji jeki na spana ya magurudumu. Hatuoni sababu ya gereji yoyote kumtoza mtu fedha ya alaimenti kabla ya kulifanya.

Breki huja baada ya hapo. Kalipa hutembea juu ya pini zake, na pini zikikauka grisi au zikiingia kutu, pedi hubaki zimeibana diski hata mguu ukitoka kwenye pedeli. Gari la aina hii huanza safari likiwa sawa, kisha mvuto huongezeka kadiri linavyotembea. Likitembea kilomita kumi bila kufunga breki sana, kisha likasimama, gurudumu moja la mbele litakuwa na joto lisilolingana na la mwenzake. Mkono uikaribie rimu bila kuigusa, maana inaweza kuunguza. Mpira wa breki uliovimba ndani huleta dalili hiyo hiyo: unapitisha mafuta kwenda, haurudishi. Gari linalovuta pale tu breki inapokanyagwa linaweza pia kuwa na bushi ya wishiboni iliyopasuka, na hapo fundi atabadilisha pedi mpaka achoke.

Sasa alaimenti. Vipimo vyake vikuu ni vitatu. Tou ni jinsi magurudumu yanavyoelekea ndani au nje yakitazamwa kutoka juu. Kemba ni jinsi gurudumu linavyoinamia ndani au nje likitazamwa kutoka mbele. Kasta ni mlalo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia, ukitazamwa kutoka ubavuni. Gari huvutia upande ambao kemba inalilaza gurudumu nje zaidi, na huvutia upande wenye kasta ndogo zaidi. Tofauti ya nusu digrii au zaidi kati ya kushoto na kulia huanza kusikika mikononi mwa dereva.

Tou ya mbele, kwa kawaida, hailivuti gari. Inakula matairi kwa kasi na inapindisha usukani, lakini magurudumu mawili ya mbele hugawana kosa lake na gari likaenda mbele. Hiki ndicho kiini cha malalamiko yetu, maana kinachoitwa alaimenti katika gereji nyingi ni kurekebisha tou ya mbele peke yake. Fundi analegeza nati za tairodi, anazungusha kidogo, anakaza, anapokea hela. Wengine bado hutumia kamba na futi. Kamba mikononi mwa fundi makini inaweza kupata tou. Kemba na kasta haiwezi kuzisoma. Mteja amelipia kipimo ambacho hakikuwa chanzo cha shida yake. Ni sawa na kumpa mgonjwa dawa ya malaria kwa kumtazama usoni.

Yapo pia magari madogo mengi yenye injini inayovuta magurudumu ya mbele ambayo kiwandani hayakuwekewa nafasi ya kurekebisha kemba wala kasta. Mashine ya alaimenti ikionyesha rangi nyekundu kwenye namba hizo, mteja huambiwa: hiyo hairekebishiki, ndivyo gari lilivyo. Jibu hilo tunalikataa. Ikiwa kiwanda hakikuweka skrubu ya kurekebisha, ni kwa sababu namba zilitakiwa kukaa sawa zenyewe. Zikitoka nje ya kiwango, kuna kitu kimepinda, kimechakaa au kimehama: wishiboni iliyogonga shimo, shokapu iliyopinda, springi iliyolegea, au krosimemba iliyofungwa ikiwa imesogea milimita kadhaa baada ya injini kushushwa. Rangi nyekundu ndiyo habari mteja aliyoilipia, na fundi anamficha maana yake.

Magurudumu ya nyuma nayo yapimwe. Yakielekea upande mmoja, gari huenda mshazari na dereva hulazimika kuushika usukani ukiwa umepinda ili linyooke. Fundi asiyepima nyuma hunyoosha usukani kupitia tairodi za mbele, na gari linaendelea kwenda kama kaa.

Kwa magari ya mnada wa Japani kuna neno la ziada. Karatasi ya mnada yenye daraja la R au RA inamaanisha gari lilipata ajali likatengenezwa. Si kila gari la daraja hilo ni bovu, lakini mnunuzi anayelipa bei ya gari safi ana haki ya kuiona karatasi hiyo kabla ya kulipa. Tena asiridhike na maelezo kwamba lilifaulu ukaguzi wa huko. Japani hulipitisha gari juu ya bamba linalopima jinsi magurudumu ya mbele yanavyoteleza pembeni, na kikomo ni milimita 5 kwa kila mita 1. Ni kipimo kizuri, lakini kinaikamata tou zaidi kuliko kingine. Gari linaweza kulipita bamba hilo bila shida na bado likavuta.

Magari mapya zaidi yameleta jambo ambalo mafundi wetu wengi hawakufundishwa. Usukani wa umeme una vitambuzi vinavyopima pembe ya usukani na nguvu ya mkono wa dereva. Sufuri ya vitambuzi hivyo ikipotea, labda kwa sababu steringi reki ilibadilishwa au alaimenti ilifanywa bila kuviseti upya, mota inaweza kuusukuma usukani upande mmoja ilhali kila chuma chini ya gari kipo sawa. Gari lenye kamera nyuma ya kioo cha mbele, ile inayosoma mistari ya barabara, linaweza kumsahihisha dereva vibaya ikiwa kioo kilibadilishwa na kamera haikupimwa upya. Kujaribu ni rahisi: zima mfumo wa kushika mstari, endesha tena. Mvuto ukikoma, usiguse chuma.

Kuna magari pia, Ford miongoni mwake, ambayo kompyuta ya usukani hujifunza kufidia mvuto mdogo ili dereva asiusikie. Ni raha barabarani, lakini tairi huendelea kuliwa kimyakimya. Mwenye gari la namna hiyo aangalie matairi yake kila mwezi, ndani na nje, kwa sababu usukani hautamwambia.

Tunajua gereji nyingi zinaendeshwa kwa mtaji mdogo, na mashine ya kisasa ya alaimenti ni ghali. Lakini karibu kila kitu tulichokitaja kabla ya mashine kinafanyika kwa kipimo cha upepo, jeki na nusu saa ya kuendesha na mteja akiwa kiti cha pembeni. Fundi asiye na mashine anaweza kufanya kazi hiyo yote kwa uaminifu, kisha akamtuma mteja kwa mwenye mashine akiwa na maelezo ya maana. Vyuo vya ufundi, VETA ikiwemo, vifundishe mpangilio huu wa kupima kwa uzito ule ule vinaofundishia kufungua na kufunga, na somo la kuseti vitambuzi vya usukani lisisubiri magari haya yazeeke.

Wauzaji wa magari yaliyotumika nao waache kumkabidhi mtu funguo kwenye yadi yenye msongamano ambako gari haliwezi kufika kilomita 40 kwa saa. Mnunuzi aombe kulijaribu kwenye barabara iliyonyooka kabla ya kusaini. Akikataliwa, aende yadi nyingine.

Na mwenye gari anayepeleka alaimenti wiki hii adai karatasi ya vipimo, ya kabla na ya baada, ikionyesha tou, kemba na kasta za magurudumu ya mbele, pamoja na tou na kemba za nyuma. Kisha aende na fundi barabarani kabla ya kutoa hela. Gereji inayojiita ya alaimenti na haiwezi kutoa karatasi hiyo haistahili kulipwa fedha ya alaimenti.